Joto la Shingoni

…na kama wifi angemwambia mapema kwamba kitanda chenyewe kina tundu la kutumbukizia uso asingekubali kuja, angesingizia nguo za watu zinazongoja kupigwa pasi dukani, maana mtu mzima, mjane, mama wa watoto waliokwishaoa na kuolewa, kulala kifudifudi na taulo kiunoni, uso umezama tunduni kama ng'ombe horini, anatazama vigae vya sakafu… si jambo la kumsimulia mtu, ingawa Mungu alishamwona hivyo tangu siku aliyozaliwa, kwa Mungu hana aibu, aibu ni kwa huyu mwanamke asiyemjua anayesugua viganja kule nyuma, mafuta yanalia chwa, chwa, na sehemu yake pekee inayoonekana kupitia tunduni ni miguu, ndala za bluu, kidole gumba kimezungushiwa plasta, kucha zimekatwa vizuri, basi angalau ni mtu msafi, mtazame mtu kucha kwanza, marehemu mumewe, Pasi, alikuwa akisema hivyo… hapana, Pasi alikuwa akisema geuza kola ya shati lake, hayo ya kucha ni ya mama yake mzazi, siku hizi anachanganya hata maneno ya wafu, anampa huyu ya yule, kama alivyompa mwuza nyama suruali ya mwalimu wa kwaya, na mwuza nyama akaivaa mpaka jioni bila kuuliza kwa nini haifiki kwenye vifundo. "Nikibana sana uniambie, dada," mkandaji anasema, na kabla hajajibu mikono imeshatua kiunoni, ya moto, mafuta yalikuwa yamewekwa kwenye bakuli ndani ya maji ya moto, aliliona alipoingia, na mwili mzima ukashtuka ukajikunja kama karatasi, akajisikia vibaya, akasema samahani, mkandaji akamwambia asiombe samahani, wengi hushtuka, na yeye akafikiri wengi ni wengi gani, hao wengi nao mgongo wao ulikuwa na mwenyewe? Maana tangu Pasi aondoke watu wamemshika mkono, wamemshika bega, watoto wamemkumbatia kwa ubavu wakiogopa kumbana, lakini mgongo hapana, mgongo ulikuwa wa Pasi, na hasa shingo, pale nyuma, chini ya kisogo.

Mtaa mzima walimwita Pasi, hata wale waliokuwa wakileta nguo mwaka hadi mwaka hawakujua jina alilopewa na wazazi wake, duka lao lilikuwa chumba kimoja, bado ni chumba kimoja, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka nyeupe juu yake, yeye akikunja na kushona vifungo upande huu, Pasi upande wa ukutani penye soketi, na kila anapomaliza rundo anaiweka pasi wima, anakuja nyuma yake kimyakimya, anamwekea kiganja shingoni, kiganja kimepashwa moto na kazi, hasemi kitu, anahesabu kichwani mwake nini sijui, halafu anarudi. Hakuna zaidi. Mtu mwingine angeona ni jambo dogo… mkandaji anauliza kitu. Anauliza hili joto linalompanda na kumtoa jasho lilianza lini. Kumbe Chiriku alishamwaga yote mlangoni, huyo ndiye wifi yake, dada mdogo wa Pasi, waliomwita Chiriku hawakukosea, sasa hivi yuko nje kwenye benchi la kusubiria na sauti yake inapita chini ya mlango, anamweleza mtu kwamba wifi yangu amekaza mgongo kama ubao wa kupigia pasi, mimi nimemwambia, wifi, utakuja kukunjwa ukaingizwa kabatini, na huyo mtu anacheka. Joto lilianza lini… "Tangu mume wangu alipofariki," akasema, akiielekea sakafu, na sauti yake ikamrudia kutoka kwenye vigae kama ya mtu mwingine. Mkandaji akasema pole sana, mikono haikusimama, ikapanda mbavu kwa mbavu, halafu akauliza taratibu kuhusu siku zake, kama bado anaziona, na yeye akaona haya, kwa kuwa hilo hata mumewe alikuwa haulizwi wala haulizi, lilikuwa likijulikana tu, na akajibu kwamba zilikatika wakati uleule, majonzi yalizikata, mtu akilia sana mwili hukauka, na mkandaji akasema, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha njia ya sokoni, "Si majonzi peke yake, dada. Ni umri. Hedhi ikikoma na joto huja. Mwili unafunga duka moja, lazima kuwe na purukushani ya kuhamisha vitu."

Purukushani ya kuhamisha vitu. Huyu mwanamke anasema nini? Anasema joto. Anasema joto lake. Pengine hakusikia vizuri, masikio yamezibwa na hiki kitambaa cha kitanda, pengine mkandaji anasema joto lingine, yako majoto ya kila namna, kuna la homa, kuna la hasira, kuna la chumba kisicho na dirisha, na la pasi pia analijua, yeye si mtoto, mwanzoni alijipima, alisema labda ni mvuke wa kazi, akachomoa pasi ukutani akangoja mpaka chuma kikapoa akaweza kukigusa kwa shavu, na joto likaja hivyohivyo, likaanzia kifuani, likapanda, likajikunjua shingoni kwa nyuma, pana, limetulia, lina umbo… lina vidole. Basi ni umri gani huo wenye vidole? Na halikuja tu kama mvua inavyokuja, liliitwa, lilikuja kwa kujibu, alikuwapo, yeye ndiye aliyeuliza, siku ile waliyotoka kumzika, sebule imejaa watu mpaka kizingitini, akina mama wa maombi wamemzunguka wanaimba polepole, mmoja anampepea kwa mfuniko wa chombo, na yeye halii, machozi yamekataa, kwa sababu kulikuwa na neno limemkwama tangu makaburini. Mchungaji. Mchungaji hakusema Pasi amepumzika. Wengine wote aliowazika alisema amepumzika, ameitwa, yuko mahali pema, yeye amehudhuria maziko mengi, anayajua yale maneno kama anavyojua mikunjo ya shati, na kwa Pasi mchungaji alifunga kitabu, akatazama udongo, akasema, "Mungu ndiye ajuaye." Watu wakaitikia amina, hakuna aliyeona kitu. Yeye aliona. Aliona kama unavyoona kola yenye alama ya jasho iliyopita kwenye sabuni mara mbili na haijatoka.

Maana Pasi hakuwa mtu wa kanisani, na hilo hakuna wa kulificha, si mlevi, si mgomvi, hakumtukana mtu wala kumnyima, ila siku ya ibada alikuwa akimsindikiza mpaka mlangoni, amemshikia mwavuli, anamkabidhi mwavuli, anageuka kwenda dukani, kwa kuwa siku hiyo soketi ni yake peke yake na umeme haukatiki, ndivyo alivyosema, na akimsihi aingie hata mara moja, hata akae nyuma, anacheka, anasema mashati ya watumishi wote wa humo ndani nayanyoosha mimi, Mungu ananiona kila anapowatazama. "Mwambie nipo kazini," anasema. Miaka yote hiyo, mwambie nipo kazini, na yeye anaingia, anapiga magoti, anamwambia Mungu kweli, kwa maneno hayohayo, yuko kazini, Bwana, usimchoke, na alijua ipo siku wataingia wote wawili, watakaa kwenye benchi moja, kulikuwa na muda, muda si ulikuwa mwingi? Halafu asubuhi moja tu ya kawaida akainama kuchomoa pasi ukutani na hakuinuka. Kwa hiyo pale sebuleni, katikati ya nyimbo, hakuomba faraja, hakuomba nguvu, hakuomba riziki wala nini, aliuliza neno moja, moyoni, bila kufumba macho. Umempokea? Na pale pale, kabla ule mfuniko haujafika mwisho wa kupepea na kurudi, joto likaja. Kifuani, kooni, shingoni. Kiganja. Akajua. Alijua kama mtu anavyojua kuwa amerudi nyumbani gizani, kwa harufu. Akalia, ndipo akalia, na akina mama wakafikiri ni majonzi, kumbe ni shukrani, na kuanzia siku hiyo kila likija, likimkuta mezani, sokoni, kanisani katikati ya mahubiri, anainamisha kichwa kidogo ili lipate nafasi, anasema asante, nimesikia. Hakumwambia mtu. Binti yake alipomletea feni akaielekeza ukutani, ikawa inaupepea ukuta, na Chiriku alipoingia akakuta madirisha yamefungwa na jasho linatiririka akasema wifi, unataka kujioka uuzwe kwa vipande? Akacheka naye. Hakumwambia. Angemwambiaje dada wa marehemu kwamba kaka yako amefika salama, ananipa taarifa?

"Hapa umekaza," mkandaji anasema, na gumba linazunguka kwenye bega la kushoto, linatafuta kitu, linakipata, kijiwe kama punje ya mahindi, linakikalia, na maumivu ni matamu, hilo ndilo linalomchanganya zaidi, kwamba yanauma na hataki yaishe, na pumzi imetoka yenyewe, ndefu, imepita tunduni mpaka kwenye vile vidole vya miguu, na mkandaji anaendelea kusema polepole, anasema wanakuja wengi wa rika hili, usingizi umepotea, moyo unakwenda mbio bila sababu, wanasahau vitu, wanawalilia watoto kwa sababu ya kijiko, anasema yeye hawadanganyi, mikono haizimi joto, joto lina wakati wake, ila mikono inalegeza mwili, mtu analala, na akishalala vizuri joto halimsumbui sana, wengine hata linapungua, akija mara kwa mara ataona nafuu. Nafuu. Linapungua. Na yeye moyo ukaruka, ukaanza ule mwendo wake wa kukimbia bila kufukuzwa, akataka kuinuka, akatazama kwa pembeni kadiri tundu lilivyomruhusu akaona mguu wa kiti, na juu ya kiti, anajua, nguo zake, amezikunja vizuri kwa mazoea, kanga juu, za ndani chini zisionekane, ingekuwa ni kuinuka tu, kuvaa, kutoka, kumwambia Chiriku twende… na Chiriku angeuliza, na angejibu nini, kwamba sitaki nafuu? Mwanamke aliyeletwa kwa sababu anakesha, kwa sababu alimfokea mteja juu ya kifungo kisha akakaa chini ya meza akalia na kile kifungo mkononi, anasema hataki nafuu? Watasema kichwa kimeondoka. Na labda kimeondoka. Kuna siku alisimama katikati ya duka ameshika pasi baridi hajui anakwenda nayo wapi, na kuna juma zima, Mungu amsamehe, siku zake zilipokosekana mara ya pili na tumbo likajaa, alifikiri… mjane, nywele zina mvi, alifikiri labda Pasi amemwachia kitu humo, akaweka mkono tumboni akiwa jikoni, akacheka peke yake, akaona haya, kisha akangoja, ndiyo, alingoja kidogo. Na hakuwa mtoto, ulikuwa upepo. Sasa na hili nalo ni upepo?

Mama yake hakufika umri huu. Hilo nalo ni la kuzingatia, mama yake alizikwa nywele zote nyeusi, kwa hiyo hakuna aliyemtangulia kwenye njia hii akageuka kumwambia angalia, hapa pana shimo, na mashangazi walilitaja kwa mafumbo tu, fulani amekoma, fulani amepumzika na kufua, wakacheka, akadhani kukoma ni kukoma, kitu kinaisha na kimya kinafuata, nani alimwambia kwamba kuisha kuna moto? Lakini subiri. Afikirie polepole, yeye si mtu wa kufikiri haraka, mwalimu wake alisema hivyo, huyu anafika ila anafika kwa miguu. Kama ni umri… na kama ni umri, Mungu si ndiye mwenye umri? Hawezi kutumia kilichopo? Akitaka kujibu mtu atatumia sauti, atatumia upepo, atatumia hata huu mwili unaofunga maduka yake, nani wa kumzuia, kwa hiyo yawezekana mkandaji anasema kweli na yeye pia anasema kweli, joto ni la umri na jibu ni la Mungu, vitu viwili vimepanda gari moja. Akatulia kidogo. Hilo lilikuwa wazo zuri. Akalishika. Mikono ilikuwa imefika katikati ya mabega, inakwenda mbali inarudi, mbali inarudi, kama mtu anayenyoosha shuka ya kitanda kikubwa, na akalishika lile wazo vizuri, gari moja, watu wawili…

Halafu mikono ikasimama. Ikainuka. Zile ndala zikageuka, zikaondoka kwenye duara lake, akasikia dirisha linasukumwa, mbao zimekwama, zinasukumwa tena, na kitu kinapepea, kama daftari au kifuniko, harakaharaka, na pumzi ya mtu anayepuliza chai. Akangoja. Akauliza kama kuna tatizo. "Nisamehe, dada," mkandaji akasema kutoka kule dirishani, "limenikamata na mimi. Dakika moja tu." Akauliza nini kimemkamata, na mkandaji akasema hilihili tunalolisema, hili lako, mwaka wa pili sasa, likija linaanzia kifuani hapa, linapanda mpaka huku nyuma ya shingo, unaona kama mtu amekushika, kisha linakuacha umelowa kama uliyetoka mtoni. Kama mtu amekushika. Alisema hivyo, kwa mdomo wake, bila kuulizwa. Na yeye pale tunduni, kwenye vigae visivyokuwa na miguu ya mtu, akahisi kitu kinateleza ndani yake, taratibu, kama nguo inavyoteleza kwenye kamba kabla hujaiwahi, na akauliza. Hakutaka kuuliza, lilitoka.

"Wewe umefiwa na nani?"

Kule dirishani kupepea kukakoma. "Mimi? Sijafiwa, dada. Wazazi wapo, watoto wapo. Wangu ninaye nyumbani, saa hizi amelala kwenye kochi, runinga ndiyo inayomtazama yeye," na mkandaji akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kitu chake na hakichukii, na yeye akacheka pia, hajui kwa nini, mabega yakatikisika ndani ya tundu, na Chiriku kule nje akagonga mlango kwa kucha akauliza mnachekaje humo bila mimi, na mkandaji akamwambia ngoja zamu yako, na yule mtu wa benchini naye akacheka asijue kinachochekwa, wote wakawa wanacheka, nyumba nzima, na ndani ya kile kicheko yeye akabaki peke yake.

Kwa sababu huyu hakuuliza kitu. Huyu hakukaa sebuleni, hakumwuliza Mungu neno moja, hana mtu huko ng'ambo wa kupokelewa, wake amelala kwenye kochi, na amepewa joto lilelile, kifua kilekile, shingo ileile, kiganja kilekile. Na wale wengi wanaokuja hapa, nao. Wote wanashikwa. Basi si kiganja cha Pasi. Pasi hawezi kuwa anazunguka na kushika shingo za wanawake wote wa rika hili, alikuwa mtu wa haya, hata kusalimiana na akina mama wa maombi alikuwa anatazama viatu… na hapo alitaka kucheka tena na hakuweza. Basi alikuwa akimshukuru nani? Asante, nimesikia. Asante, nimesikia. Alisikia nini? Mungu hakusema kitu. Akilifikiri vizuri, kwa miguu, hatua kwa hatua, Mungu hakusema kitu siku ile, yeye ndiye aliyeuliza na yeye ndiye aliyejibu, kwa mwili wake mwenyewe, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake kisha anaitika ndani. Si uongo. Hakukusudia uongo. Alikuwa na kiu ya jibu na maji yalikuwa yanamtoka mwenyewe… jasho… Yule mchungaji alikuwa mkweli kuliko yeye, Mungu ndiye ajuaye, alisema asilolijua halijui, na yeye alimchukia mchungaji kwa hilo, kimoyomoyo, kila siku ya ibada, akimkunjia mashati yake akimchukia, na mashati yakanyooka vilevile.

Ndala zimerudi. Plasta ya kidole gumba imelegea upande mmoja. Mkandaji anasema haya, tuendelee, mikono sasa ina ubaridi kidogo wa kule dirishani, inaongeza mafuta, inarudi mabegani, na yeye anaiacha, hana nguvu ya kuikataa wala kuikubali, na joto lake mwenyewe linakuja wakati huohuo, bila shaka, lingekuja lini kama si sasa, linaanza kifuani kwenye kitambaa cha kitanda, linapanda, na mkandaji anasema, "Eeh, na wewe limekuja, nalisikia chini ya mkono," kana kwamba wanazungumza juu ya jirani anayepita nje, na yeye kwa mazoea anainamisha kichwa, na hapana pa kuinamisha, kichwa kiko tunduni, na neno liko mdomoni tayari, asante, na hakulisema. Akalitazama joto. Likafika shingoni, pana, limetulia, na akalihesabu vidole, na lilikuwa halina. Lilikuwa joto. Likakaa, likapungua, likaacha unyevu, na chini ya unyevu ule shingo ikawa baridi, baridi ya kawaida ya shingo ya mtu ambaye mumewe amekufa. Amekufa. Hilo ndilo lililokuwa chini ya vyote, limekaa palepale alipoliacha siku ile sebuleni, halijasogea, halijazeeka, neno moja lisilo na jibu, na alikuwa amelifunika kwa joto kama mtu anavyofunika chakula akasahau kula. Na kuna baya zaidi, linakuja sasa, linamjia polepole kama kila kitu kinavyomjia, kwamba kwa kuwa alidhani ameshafika, aliacha kumwombea. Tangu siku ile. Miaka yote ya mwavuli hakukosa hata siku moja, yuko kazini, Bwana, usimchoke, na alipomhitaji zaidi mtu wa kumsemea, pale kwenye mlango ambao hakuna wa kumsindikiza, yeye alikuwa huku anasema asante. Pasi amesimama huko miezi yote hii na mdomo wake mfupi, mtu asiyejua kujieleza, ambaye hata kwa fundi cherehani alimtuma mke akamsemee, na hakuna aliyemsemea.

Machozi yakaanguka moja kwa moja, hayakupita shavuni, yakaanguka kutoka jichoni mpaka kwenye kigae kama matone ya bomba bovu, karibu na ile plasta, na ile plasta haikusogea, mkandaji ameyaona, lazima ameyaona, akahamia bega la kulia. Na yeye akafungua mdomo. Hakupiga magoti, hakufumba macho, hakuwa amevaa, hakuwahi kuomba hivyo maishani mwake, na hakujua kama inafaa, hajui tena kinachofaa na kisichofaa, anajua tu kwamba kuna mtu wake amesimama mahali na kuna mtu anapaswa kueleza ni nani. Bwana, akasema, kwa mnong'ono, kwenye vigae, sikuulizi. Nisamehe, nilikuwa nauliza. Sasa sikuulizi, nakueleza tu. Huyo mtu ni mrefu kiasi, mabega yameinama kidogo kwa kazi. Ukimpa kiti atakwambia ataendelea kusimama, usimwamini, anachoka. Hapendi kusemwa mbele ya watu. Ana nyimbo mbili tu na zote anazikosea. Mtoto wetu wa kwanza alipoungua kinywa alikaa naye anampulizia uji kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha, hilo hakuna aliyeliona ila mimi, na nilikuwa mlangoni, na sikumwambia kwamba nimeona, nakuambia wewe. Na Bwana, kuna jambo moja pengine hukuambiwa, sikio lake la kulia halisikii. Tangu utotoni, anaficha, anaona aibu. Kama ulimwita akanyamaza, kama ulikuwa ukimwita miaka yote na yeye anageuka anakwenda zake, si kiburi, nakuapia si kiburi, labda ulimwita upande huo. Mwite tena. Zunguka umwite upande wa kushoto, mwite taratibu, hapendi kelele, atageuka, ukimwita upande wa kushoto lazima…

"Unasemaje, dada?" mkandaji akauliza, ameinama kidogo. "Nimebana sana?"

"Siongei na wewe," akasema. "Wewe endelea tu."